Laptopu haisomi waifai ya nyumbani lakini simu inasoma, uanzie wapi

Simu zote ndani zinashika, TV inashika, we unafungua laptopu, unabofya ile alama ya waifai kona ya chini kulia na jina la mtandao wenu halipo. Siyo kwamba linagoma kuunga, halipo kabisa, utadhani rauta imezimwa. Hapo wengi wanakimbilia moja kati ya mambo mawili, wanapiga Windows upya au wanapeleka kwa fundi wakisema kadi ya waifai, kile kifaa cha ndani kinachonasa mtandao, imekufa, na mi naomba usifanye hata moja kabla hujamaliza kusoma hapa, manake nimeshapokea laptopu iliyopigwa Windows upya mara mbili na mtandao bado hauonekani, mafaili ya mtu yameshaenda, picha zimeenda, kumbe shida ilikuwa setingi moja ya rauta ambayo kuibadilisha ni dakika mbili tu.

Kwahiyo kabla hujagusa chochote jibu kwanza swali hili: ile orodha ya mitandao iko tupu kabisa, au ina mitandao ya majirani ila wa kwako tu ndo haumo? Usilichukulie poa hili swali. Kama iko tupu, tatizo liko kwenye laptopu yenyewe, iwe swichi, draiva (ile programu inayoifanya Windows iongee na kadi), kadi au waya za antena. Kama inaonyesha mitandao mingine ujue kadi ni nzima, draiva inafanya kazi na antena inanasa, kwahiyo kuanza kufuta draiva na kupiga Windows ni kuhangaika na kitu ambacho hakijaharibika, shida yako ni kwamba rauta inaongea kwa namna ambayo laptopu haiwezi au hairuhusiwi kuisikia.

Kama hapo ulipo hamna majirani wenye waifai, washa hotspoti ya simu uiweke karibu na laptopu, ila hakikisha inarusha bendi ya mawimbi ya 2.4 GHz, bendi nitazieleza huko chini. Kwenye Android ingia setingi za hotspoti utakuta sehemu ya kuchagua bendi, kwenye iPhone za kuanzia 12 washa ile swichi iliyoandikwa "Maximize Compatibility" hapohapo kwenye ukurasa wa hotspoti. Laptopu ikiiona hotspoti, we uko kwenye kundi la pili. Isipoiona, baki hapa kwenye la kwanza.

Orodha iko tupu, au alama ya waifai haipo kabisa

Anza na swichi, na usione aibu kuanza nayo. Laptopu za zamani kidogo zina kaswichi ka kusukuma ubavuni au mbele chini ya kiganja, kanasogezwa na begi tu bila we kujua. Za kisasa zinatumia kitufe cha juu chenye alama ya mnara au ndege, ukishika Fn na kile kitufe waifai inazimika, na Windows inaweza isikwambie vizuri kwanini. Kuhakikisha, tafuta neno cmd kwenye menyu, fungua kile kiboksi cheusi uandike hivi:

netsh wlan show interfaces

Tafuta mstari wa "Radio status". Ukikuta "Hardware Off" ni swichi au kitufe, ukikuta "Software Off" ni Windows yenyewe imezima, hapo toa hali ya ndege na uwashe waifai kwenye setingi. Ukikuta imeandikwa hamna kifaa chochote cha waifai kwenye mfumo, basi Windows haiioni kadi. Na ukikuta inalalamika kuhusu huduma ya wlansvc, hiyo ni ile huduma ya ndani inayotafuta mitandao, imezimwa, mara nyingi na zile programu za kuongeza spidi ambazo zinazima kila kitu zisichokijua. Andika services.msc kwenye menyu, tafuta "WLAN AutoConfig", ifungue, weka "Automatic" kisha bofya "Start", na hapohapo mitandao itaanza kumiminika.

Sasa kuna jambo la umeme ambalo linatibu laptopu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tangu Windows 8, ukibofya "Shut down" kompyuta haizimiki kabisa, inahifadhi sehemu ya mfumo ili iwake haraka kesho yake, na kadi ya waifai iliyokwama inaweza kuamka ikiwa imekwama vilevile siku hadi siku, mtu anasema "nimezima na kuwasha mara kumi" na ni kweli kazima, ila haikuzimika. Kwahiyo chagua "Restart", ambayo ndo inaanza upya kweli, au andika shutdown /s /t 0 kwenye kile kiboksi cheusi. Ikishazima chomoa chaja, kama betri inatoka itoe, halafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi. Umeme uliobaki kwenye bodi unaisha na kadi inaanza upya kabisa. Nimeona kadi iliyokuwa na pembetatu ya njano wiki nzima ikarudi kwa hilo tu, na ndo mana huwa nafanya hivi kabla ya kugusa draiva.

Ikikataa ndo tuingie "Device Manager". Kliki ya kulia kwenye alama ya Windows, ichague, fungua "Network adapters". Angalia jina lenye neno wireless, Wi-Fi au 802.11. Likiwa na kamshale kanakoangalia chini, kadi imezimwa tu, kliki ya kulia halafu "Enable device". Likiwa na pembetatu ya njano, lifungue usome namba. Code 10 manake kifaa kimeshindwa kuanza, mara nyingi ni draiva isiyoendana, inatokea sana baada ya Windows kujisasisha usiku. Hapo nenda kichupo cha "Driver" ubofye "Roll Back Driver" kama kinabonyezeka, kinarudisha ile ya jana iliyokuwa inafanya kazi. Code 43 manake Windows imekisimamisha kifaa kwasababu kimeripoti hitilafu, hapo inaweza kuwa draiva na inaweza kuwa kadi yenyewe inaondoka, jaribu kwanza ile mbinu ya kumaliza umeme niliyoeleza hapo juu.

Jina halipo kabisa? Bofya "View" halafu "Show hidden devices". Likitokea limefifia, Windows inaikumbuka kadi ila kwa sasa haiioni, yaani imelegea kwenye nafasi yake, imezimwa kwenye BIOS (ile menyu ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), au imekufa. Ingia BIOS utafute sehemu ya wireless uhakikishe imewashwa.

Na hapa watu wanauliza swali la haki kabisa, ntapakua vipi draiva wakati laptopu yenyewe haina intaneti? Chukua simu, iache kwenye waifai ya nyumbani, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, nenda kwenye setingi za hotspoti uwashe ile ya kugawa intaneti kwa USB. Simu za Android zinapitisha ile waifai ya nyumbani moja kwa moja kwenda kwenye laptopu kwa waya, bando lako haliguswi, na mara nyingi Windows haihitaji draiva ya ziada kwa hilo. Draiva ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, weka modeli iliyoandikwa chini ya laptopu. Zile programu zinazosema zitakutafutia draiva zote kwa mpigo achana nazo, nimesafisha uchafu wake mara nyingi mno, na draiva zinazoweka mara nyingi siyo za kadi yako.

Mitandao ya majirani inaonekana, wa kwako tu ndo haupo

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo watu wanapoteza muda mwingi kwenye mahali pasipo, kwahiyo twende taratibu.

Rauta nyingi za sasa zinarusha bendi mbili, 2.4 GHz ambayo inafika mbali ila ina msongamano, na 5 GHz ambayo ina spidi ila inachoka ikikutana na kuta. Kuna laptopu, hasa za bei nafuu na za zamani, ambazo kadi yake inajua 2.4 peke yake. Kama kuna mtu kazima 2.4 kwenye rauta, au rauta mpya imekuja ikiwa na jina moja la 5 GHz tu, hiyo laptopu haitauona mtandao hata ukiiweka juu ya rauta. Kujua kadi yako inaweza nini andika:

netsh wlan show drivers

Angalia mstari wa "Radio types supported". Hizo herufi za mwisho ni aina za waifai. Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, bila a, ac wala ax, hesabu kwamba kadi yako ni ya 2.4 pekee. Kuna kadi chache za zamani zimetaja a pamoja na n, hizo zinaona 5 vizuri. Dawa ni kuingia kwenye rauta na kuwasha 2.4, na mi nashauri upe kila bendi jina lake, hata ukiongeza tu namba 5 mwishoni mwa jina la ile ya pili, kwasababu zikiwa na jina moja huwezi kujua ni ipi ambayo laptopu inaikosa. Rauta unaiingia kwa simu, fungua brauza uandike anwani iliyoandikwa kwenye stika ya chini ya rauta, nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na jina na neno la siri viko kwenye stika hiyohiyo kama hamkubadilisha.

Sasa chaneli, na hili ningependa kila mtu alijue. Bendi ya 2.4 imegawanywa kwenye chaneli, yaani vijinjia vyenye namba, nchi nyingi zinaruhusu 1 hadi 13, ila Marekani vifaa kwa kawaida vinaishia 11 kwasababu 12 na 13 zina masharti magumu ya nguvu. Laptopu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inaweza kuwa na kadi ambayo haisikilizi kabisa 12 na 13. Rauta yako ikiwa imewekwa kwenye "Auto", yenyewe inapima msongamano inajichagulia chaneli, na siku ikiona 13 ina nafasi inahamia huko, simu zinaifuata bila shida, laptopu inabaki inatazama orodha ya majirani.

Nilikutana na hili kwa jirani yangu na nilikaa nalo jioni nzima kabla sijalielewa. Laptopu yake ilikuwa inasoma waifai siku mbili, siku ya tatu haisomi, anazima rauta na kuiwasha, inarudi, wiki ijayo inapotea tena. Akawa ameshaamini rauta ndo mbovu na anataka kununua nyingine. Nikaweka kwenye simu programu ya kuonyesha chaneli, zipo nyingi za bure, tukakaa nayo mezani pembeni ya laptopu. Mtandao wake ulikuwa 13. Tukaizima rauta, tukaiwasha, ikaja na 6, jina likatokea kwenye laptopu palepale tukiwa tunaangalia. Tukazima tena na kuwasha mara kadhaa, kila ikija na chaneli ya chini jina lipo, ilipokuja na 13 jina hamna. Kwahiyo lile zima-washa lilikuwa halitibu kitu, lilikuwa linabahatisha chaneli tu. Tuliingia kwenye rauta tukatoa "Auto" tukaweka 6 kwa mkono, upana wa chaneli 20 MHz, na mpaka leo haijapotea tena. Kwahiyo kama laptopu yako ina tabia ya leo naona kesho sioni, na kuzima rauta kunasaidia kwa muda, anzia hapa kabla ya kitu kingine chochote. Weka 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani na kila kifaa kinazijua.

Kwenye 5 GHz kuna tatizo la chaneli linalofanana na hilo. Chaneli za 52 hadi 144 zinatumika pamoja na rada, kwahiyo sheria inailazimisha rauta isikilize kwanza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikisikia rada inahama na hairuhusiwi kurudi kwenye ile chaneli kwa dakika 30. Kwa nchi za Ulaya zile chaneli zinazogusa rada za hali ya hewa, rauta inasubiri dakika 10 nzima. Kwahiyo ukiwasha rauta ukaona 2.4 imetokea na 5 haipo, kunywa maji kwanza, usianze kubonyezabonyeza. Na kuna kadi ambazo hazizigusi kabisa hizo chaneli, zenyewe zinajua 36 hadi 48 na zile za juu kuanzia 149. Ukiweka rauta kwenye 36, 40, 44 au 48 umemaliza ubishi.

Mmenunua rauta mpya na tangu siku hiyo laptopu haijauona mtandao? Hapo usitafute mbali. Rauta mpya zinarusha Waifai 6, yaani 802.11ax, na kadi kadhaa za Intel ambazo ni nzuri tu, mfano 7265 na 8260, zikiwa na draiva za zamani hazimuelewi anayerusha ax, na badala ya kuuonyesha mtandao kwa spidi ndogo zinauruka kabisa kwenye orodha. Intel wenyewe walilitambua hili wakatoa draiva mpya, ukiiweka mtandao unatokea hapohapo bila kubadilisha kadi. Kama huwezi kupata draiva leo na una kazi ya haraka, ingia kwenye rauta ubadilishe aina ya waifai kwenye 2.4 kutoka ax kwenda b/g/n, utaona jina linatokea ndani ya dakika moja.

Hiyohiyo rauta mpya inaweza kuwa imekuja na ulinzi wa WPA3 peke yake. Kadi za zamani hazijui WPA3, nyingine zinauonyesha mtandao ila zinakataa kuunga, nyingine zinafanya mambo ya ajabu. Chagua ile setingi ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES. Usishuke mpaka WEP, ule ulinzi wa zamani ulio dhaifu, wala usiache wazi bila neno la siri ili tu laptopu iunge, hiyo ni kumfungulia mlango kila anayepita. Na kama rauta ina 6 GHz, ujue Windows 10 haiisomi hiyo bendi hata kama kadi ni ya kisasa, inahitaji Windows 11, kadi ya Waifai 6E au 7 na draiva yake.

Kuna wakati jina limefichwa kwenye rauta makusudi, mtu aliambiwa kuficha jina ni usalama. Simu zilizounga zamani zinaendelea kuingia kwasababu zinalijua, laptopu mpya inaona tu "Hidden Network" au haioni kitu. Bofya hapo uandike jina herufi kwa herufi, herufi kubwa na ndogo zinahesabika, au bora zaidi ulifichue tu, manake kulificha hakumzuii mtu anayejua anachofanya.

Na hili la mwisho kwenye kundi hili ni nadra ila likikukuta litakuchosha roho: Windows ina orodha ya mitandao iliyozuiwa isionekane. Laptopu iliyokuwa ya kazini au ya shule inaweza kuwa imewekewa. Andika netsh wlan show filters uone. Ukikuta jina lako kwenye sehemu ya kuzuiwa, fungua kiboksi cheusi kama msimamizi, yaani kliki ya kulia na "Run as administrator", kisha uandike hivi ukiweka jina lako badala ya JINA:

netsh wlan delete filter permission=block ssid="JINA" networktype=infrastructure

Ikiwa laptopu bado ni ya mwajiri, muulize kwanza aliyeiweka hiyo.

Jambo dogo kwa wenye Windows 11 ya 24H2 na kuendelea, amri inayoorodhesha mitandao, netsh wlan show networks, siku hizi inataka ruhusa ya eneo ulipo. Ikikukatalia siyo kwamba kadi imekufa, washa tu "Location" kwenye setingi za faragha.

Inaonekana ukiikaribia rauta, ukirudi chumbani inapotea

Simu inashika chumbani, laptopu haishiki, zote ziko kwenye kitanda kimoja. Hapo mi nauliza swali moja tu, je laptopu imefunguliwa hivi karibuni? Kuongezwa RAM, kubadilishwa diski, kubadilishwa kioo, kusafishwa feni? Kwasababu kwenye laptopu nyingi antena za waifai ziko kuzunguka kioo, waya zake mbili nyembamba zinapita kwenye bawaba na kushuka mpaka kwenye kadi, na zinashikilia pale kwa vikofia vidogo vya shaba, vidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja kikichomoka kadi inabaki inasikia kwa sikio moja, vyote vikichomoka kadi inasikia mita moja au mbili tu, ukiisogeza laptopu mpaka pembeni ya rauta jina linatokea, ukipiga hatua tano linaondoka.

Nimefungua moja ya hivi wiki chache zilizopita. Mwenye nayo alikuwa ameshabadilishiwa draiva nne. Nikatoa kifuniko cha chini, waya mweusi ulikuwa mahali pake, mweupe ulikuwa umelala pembeni ya kadi na alama ya kukunjwa juu yake, yaani kifuniko kilirudishwa kikaubana. Kukirudisha kikofia kunataka utulivu, unakiweka juu ya kile kiduara cha kwenye kadi kikiwa kimesimama wima kabisa, unasikilizia kwa kidole mpaka kikae katikati, halafu unakandamiza mara moja mpaka kilie tik. Ukikandamiza kikiwa upande unapinda kile kiduara na hapo kadi ndo inakuwa imeharibika kweli. Tulipofunga, laptopu ileile ilisoma mitandao kumi na kitu kutoka chumba cha mwisho.

Kama haijafunguliwa, angalia ulichochomeka. USB 3 inatoa kelele kwenye 2.4 GHz, Intel waliliandika hilo mwaka 2012, na diski ya nje au kigawanyio cha USB kilichokaa karibu na ukingo wa kioo kinaweza kuzima kabisa mtandao uliokuwa dhaifu. Chomoa uone. Microwave nayo inafanya kazi kwenye 2.4 hiyohiyo, mtandao unaopotea wakati wa kupasha chakula una maelezo yake hapo. Kupima nguvu tumia ile programu ya simu, inasoma kwa dBm, namba ikikaribia sifuri ndo nguvu kubwa, ikisoma -50 dBm uko vizuri, -70 ni dhaifu, ikifika -85 laptopu nyingi zinaacha kuonyesha jina. Rauta iliyofichwa nyuma ya TV au ndani ya kabati la chuma haiwezi kukufikia, iinue juu, iweke wazi, mbali na tenki la samaki pia kwasababu maji yanameza mawimbi.

Inatokea na kupotea, hasa laptopu ikitoka usingizini

Hii mara nyingi ni kubana umeme. Ndani ya "Device Manager" fungua kadi ya waifai, kichupo cha "Power Management", toa tiki kwenye ile sentensi ya kuruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kuokoa umeme. Laptopu nyingine hazina hicho kichupo, basi weka draiva mpya. Kwenye kichupo cha "Advanced" cha kadi hiyohiyo angalia "Preferred Band", kuna watu waliweka 5 zamani wakasahau.

Kama umepita kote huko na bado, kuna ile ya kurudisha mitandao yote upya, "Network reset", iko chini kabisa ya setingi za mtandao. Inafuta maneno ya siri yote ya waifai na VPN zako, yaandike pembeni kwanza. Naiweka mwisho kwasababu watu wanaianza nayo na haisaidii lolote kama rauta iko chaneli 13.

Wenye kutumia mfumo wa Linux badala ya Windows, andikeni rfkill list, mkikuta "Soft blocked: yes" ni rfkill unblock all na imeisha, mkikuta "Hard blocked: yes" ni kitufe au swichi. Kisha iw reg get, ikionyesha country 00 manake mfumo haujui uko nchi gani na chaneli za 12 na 13 inazisikiliza tu bila kuuliza, kwahiyo mtandao wa huko unaweza kuchelewa kutokea au usitokee, muwekee nchi yako.

Kadi ikiwa imekufa kweli

Imethibitika kwamba haionekani hata BIOS, hata kwa flashi ya Linux, hata baada ya kuichomoa na kuirudisha. Njia ya haraka ni kidude cha waifai cha USB, unachomeka unaendelea na kazi, hakikisha tu kimeandikwa bendi mbili, manake vile vidogo sana vingi ni 2.4 pekee. Njia nzuri zaidi ni kubadilisha kadi ya ndani. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinatumia kadi ya aina ya M.2 ya saizi 2230, ila angalia kitu kimoja kabla hujatoa hela: kadi za Intel zenye namba kama AX201 na AX211 zinahitaji bodi ya Intel inayoziunga mkono, kwenye laptopu ya AMD hazifanyi kazi kabisa hata kama zinaingia kwenye nafasi. AX200 na AX210 ndo zinazojitegemea. Kuna pia baadhi ya laptopu za zamani ambazo BIOS yake inakataa kadi yoyote isiyo kwenye orodha yake na inakuandikia hivyo ikiwaka, hizo baki na cha USB tu. Kabla hujafungua skrubu ya kwanza toa chaja, na ukishaona kadi piga picha ya karibu ujue waya mweusi ulikaa wapi na mweupe wapi, halafu ndo uzichomoe.